Buluu Umeikosea

Nilianza kuchora kwenye kadi za mitambo,
zile za kiwandani, zilizotobolewa matundu
ili sindano ijue wapi ipitishe uzi, wapi iache.
Bibi alizileta nyumbani ndani ya gunia la viazi
kiwanda kilipofungwa na Łódź nzima ikanyamaza.
Nikapaka rangi juu, rangi ikapenya matunduni,
mezani pakabaki nukta, nukta, nukta:
ua lisilojua kuwa ni ua.
Nilikuwa na miaka saba. Nilichapwa kwa ajili ya meza.

Lugha yetu ina mtego.
Ukitaka kusema "nilikwenda dukani"
lazima mkia wa neno utaje: mume, au mke.
Nilikula. Mume au mke?
Nililia. Haya, kalia nani?
Basi nikajifunza kusema kila jambo liko mbele:
nitakwenda, nitakula, nitalia kesho,
maana kesho haina mkia.
Mwalimu akaandika kwenye ripoti:
mtoto huyu ana matumaini makubwa.

Rangi, nayo, haikuniuliza kitu.

Ghorofa ya tatu, juu yetu, walikaa Otylia na Bożena.
"Binamu," jengo zima lilisema,
na neno likakaa sawasawa kama kifuniko juu ya sufuria.
Binamu wa miaka thelathini na moja,
kitanda kimoja, meza moja, kitambaa kimoja cha buluu.
Nilipanda kuomba chumvi. Chumvi nyumbani ilikuwepo.
Nilikwenda kumtazama Bożena
akimpunguza Otylia nywele za kisogoni,
gazeti limetandazwa sakafuni, mkasi ukinong'ona,
na Otylia kafumba macho kama mtu aliyefika.

Wakiniuliza leo ni nani aliyenifunza
hungoja jina la bwana fulani wa makumbusho.
Nawatajia mkasi.

Chuoni profesa alilizunguka turubai langu,
mikono mgongoni. "Mkono wako hauna uamuzi."
Nikauchora mkono wangu mara arobaini,
hauna uamuzi, hauna uamuzi,
nikaibandika michoro yote mlangoni kwake.
Nilifeli. Nikaosha vyombo Poznań miaka miwili,
nikampenda Seweryn, fundi wa lifti,
aliyekaa nimchore, akasinzia.
Nikauchora usingizi.

Kisha barua: Otylia amefariki.
Wapwa zake walikuja na gari la mizigo.
Kanisani Bożena alikalishwa safu ya nne,
nyuma ya watu waliomjua marehemu
kwa kadi za Krismasi.

Picha ile ni kubwa kuliko mlango. Ni jiko tu.
Vikombe viwili, kisahani kimoja,
kiti kimevutwa nyuma kidogo,
kitambaa cha buluu, na juu yake
unywele mmoja wa mvi. Watu sikuwachora.
Aliyewahi kupanda kuomba chumvi aliwaona.

Niliitundika kwenye chumba cha matanuri ya zamani.
Walikuja watu kumi na wanne, na mama.
Mama, miaka ishirini na miwili kwenye mapipa ya rangi,
kucha zake hazijawahi kutakata.
Koti hakulivua. Alisimama mbele ya jiko lile
mpaka mvinyo wa bure ukaisha.
Nilijiandaa kwa neno aibu. Nilijiandaa kwa neno majirani.

"Buluu umeikosea," akasema.
"Ile ilikuwa nzito zaidi. Nilikitia nili mwenyewe,
pipa la sita, baada ya zamu.
Ilikuwa zawadi yao ya harusi."

Harusi. Alilitamka
kama mtu anayetaja bei ya mkate.

Usiku tukaiteremsha picha, sisi wawili,
nikafungua kopo. Aliinama, koti bado mwilini,
akachovya kidole, akakinyoosha kwenye taa.
"Ongeza."
Nikaongeza.
"Bado. Ongeza."